Obadia Alikaa Katika Nyumba ya Ahabu

Masomo: 1 Wafalme 18:1-16, Hesabu 11:4-6, 1 Wafalme 19:9-18



Niliombwa kuandika juu ya utii kwa wakubwa wa serkali. Lakini sharti kwanza nieleze jambo lililotokea kwetu, kwa maana bila hilo ningeandika maneno makavu ambayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi.

Jumamosi moja, tulipomaliza salongo ya kufyeka kiwanja cha kanisa, tulikaa kivulini kula ndizi za kuchoma. Mazungumzo yakaanza, kama kawaida, juu ya barabara na juu ya watu waliouawa upande wa Mambasa. Papa mmoja mzee, ambaye amepita miaka themanini, akasema: “Wakati wa Mobutu tulilala milango wazi.” Kijana mmoja akamjibu mbele ya wote: “Wakati wa Mobutu wewe ulikuwa kapita, ulimpigia mwizi makofi na kumchezea ngoma. Vita hivi ni matunda ya makofi yako.” Watu wakacheka. Mimi shemasi wenu nilicheka pia. Mzee akachukua fimbo yake akaenda nyumbani, na Jumapili tatu mahali pake kanisani pakabaki patupu.

Ndugu zangu, ugomvi huo si wa wale wawili tu. Upo katika nyumba zetu nyingi. Wazee wanasema zamani ilikuwa heri, vijana wanasema zamani ndiyo iliyotuua, na kila upande unadhani Biblia iko kwake. Basi tuifungue.

Katika Hesabu 11 wana wa Israeli wako jangwani, wanalia kwa kukumbuka Misri: samaki waliokula bure, matango, matikiti, vitunguu, hata vitunguu saumu. Je, walikuwa wakisema uongo? Hapana. Samaki wa mto Nili walikuwapo, na matango yalikuwapo. Musa hakusimama kuwaambia kwamba Misri hakukuwa na samaki. Kosa lao lilikuwa kwamba walikumbuka harufu ya chungu, wakasahau mkono uliowapiga walipofyatua matofali, na watoto wao wanaume waliotupwa mtoni. Mtu anayekumbuka nusu si mwongo, lakini nusu yake inaweza kumrudisha utumwani.

Sasa tuseme habari za Mobutu kwa haki, nusu zote mbili. Nilizaliwa katika nchi iliyoitwa Zaire, na nilikuwa mtoto wa shule ya msingi tulipokuwa tukisimama kila asubuhi mbele ya bendera kuimba sifa za Rais Mwanzilishi. Niliimba kwa nguvu kuliko wengine, kwa sababu nilipenda kuimba.

Alipotwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, watu wa huku walikuwa wamechoka. Uasi wa Simba wa mwaka 1964 ulikuwa umepita katika njia hii yetu, na katika msitu huu watu walikuwa wamekula mizizi. Aliyewaambia kwamba vita vimekwisha walimshukuru, na ninyi mliolala msituni miaka hii mnajua kwa nini. Mwaka 1967 fedha ya zaire ilipotoka, zaire moja ilibadilishwa kwa dola mbili za Marekani. Mwalimu wa Bandundu alitumwa kufundisha Ituri, na mtu wa Ituri alitumwa kazi Kasai, na mtoto alijifunza kusema “mimi ni Mzaire” kabla ya kusema kabila lake. Tusilicheke jambo hilo sisi tulioona, tangu mwaka 1999, Wahema na Walendu wakiuana katika Ituri hii hii kwa sababu ya jina la kabila. Hata hifadhi yetu ya okapi iliwekwa mwaka 1992, yeye akiwa bado rais. Hayo ni matango ya Misri. Yalikuwapo.

Na fimbo ilikuwapo. Mwaka 1966, katika juma la Pentekoste, wanasiasa wanne walishtakiwa kwamba wamepanga kumpindua. Hukumu yao ilikatwa kwa haraka, na tarehe 2 Juni wakanyongwa Kinshasa mbele ya umati wa watu: Évariste Kimba, Jérôme Anany, Alexandre Mahamba na Emmanuel Bamba. Vijana, lishikeni jina hili la mwisho. Bamba alikuwa mtu wa Kanisa letu, Mkimbangu. Mwaka 1972 serkali iliwanyang'anya watu majina ya ubatizo, na Kardinali Malula alipopinga akalazimika kwenda uhamishoni. Tarehe 30 Novemba 1973 ikatangazwa kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wananchi. Bunia na Isiro maduka ya Wagiriki yaligawiwa kwa watu wenye kujulikana, na baada ya muda mfupi rafu zilikuwa tupu. Tarehe 24 Aprili 1990 alitangaza kwa machozi kwamba chama kimoja kimekwisha, lakini haukupita hata mwezi mmoja, usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi wakashambuliwa na kuuawa. Tarehe 16 Februari 1992 wakristo wa Kinshasa walitembea barabarani wakiomba mkutano wa taifa ufunguliwe tena, nao wakapigwa risasi. Na ile zaire ya dola mbili? Mwaka 1993 zaire milioni tatu za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mtu aliyeweka akiba ya maisha yake chini ya godoro aliamka akiwa na karatasi.

Papa mzee alisema walilala milango wazi. Ninamsadiki. Lakini ni nani aliyetuharibia mlango? Askari waliokaa bila mshahara, wakajifunza kwamba bunduki ndiyo shamba lao, walianza kupora miji mwezi wa Septemba 1991, wakapora tena Januari 1993. Mwisho wa 1996 vita vya AFDL vilipofika, askari wa Mobutu walikimbia kwa njia hii kuelekea Kisangani, wakichukua mbuzi, magodoro, sufuria, hata nguo juu ya kamba. Nilikuwa kijana, tulikaa msituni hadi walipopita. Hao hawakuwa adui kutoka nje. Ndio walinzi wa ule mlango wazi. Fundi aliyetuwekea mlango ndiye aliyeng'oa bawaba, ila upepo uliingia baadaye, yeye akiwa amekwisha kuondoka. Jumapili ya tarehe 24 Juni 2012, alfajiri, watu wa Morgan walipoingia hapa Epulu, wakaua watu na kuua okapi 14, wengi wetu tulisema: “Haya hayakuwapo wakati wa Mzee.” Ni kweli hayakuwapo. Lakini nchi isiyo na jeshi la kuilinda haikuanza siku hiyo.

Hapo kijana wetu atafurahi na kusema shemasi yuko upande wangu. Ngoja kwanza, mwanangu.

Wewe ulimwuliza mzee kwa nini alicheza. Je, unajua kwamba katika nchi ile kila mtu alihesabiwa mwanachama wa MPR tangu kuzaliwa, apende asipende? Watu walisema kwa mzaha kwamba hata mimba ina kadi. Mwalimu asiyecheza alipoteza darasa. Kapita asiyetoa watu wa salongo alifungwa yeye. Ni rahisi kuwa Eliya wakati Ahabu amekwisha kufa. Mobutu amelala kaburini huko Rabat tangu Septemba 1997, hawezi kumfunga mtu.

Tazama siku zetu. Tarehe 6 Mei 2021 serkali iliweka Ituri na Kivu ya Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi, unaoitwa na wote état de siège. Wenye cheo cha jeshi na polisi wakashika viti vya gavana na vya wasimamizi wa teritwari, na mahakama ya kijeshi ikapewa kuhukumu raia. Watu wengi walishangilia mwanzoni. Hata mimi niliomba Mungu awabariki. Kisha mauaji yakaendelea, na mwezi wa Agosti 2023 ikabidi watu waitwe Kinshasa katika meza ya duara kuupima utawala huo, kama una faida au hauna. Miaka hiyo yote wewe, mwenye pikipiki, ulipofika kwenye kizuizi ukaombwa pesa isiyo na risiti, ulifanya nini? Ulitoa, ukasema “asante mkubwa”, ukapita, kwa sababu ulikuwa na mgonjwa nyuma yako na unga wa watoto. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Siku moja mtoto wako atakuuliza: kwa nini mlikuwa mnalipa na kusema asante? Utapenda akusikilize mpaka mwisho, au acheke?

Sasa tuje kwa Obadia. Watu wanamkumbuka Eliya, wanampita Obadia. Huyu alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, mfalme mbaya kuliko wote waliomtangulia. Kila asubuhi Obadia aliinama mbele ya Ahabu na kupokea amri zake, na watu walipomwona njiani walisema, yule ni mtu wa mfalme. Lakini neno la Mungu linatuambia kwamba alimcha Bwana sana, na Yezebeli alipowaua manabii, yeye aliwaficha mia moja mapangoni, hamsini hapa na hamsini pale, akawalisha mkate na maji.

Nawauliza: huo mkate ulitoka wapi? Nchi ilikuwa na njaa miaka mitatu. Obadia hakuwa na ghala lingine. Mkate uliolisha manabii ulitoka katika nyumba ya Ahabu. Kama Obadia angetoka kwa hasira na kwenda jangwani pamoja na Eliya, tungemsifu, na wale mia moja wangekufa.

Lakini tusimfanye Obadia kuwa mtakatifu asiye na doa. Alipokutana na Eliya aliogopa kupeleka habari kwa mfalme, akarudia kusema ya kwamba atauawa. Woga ulikuwa umeingia katika mifupa yake, kama unavyoingia katika mifupa ya kila mtu anayekaa miaka mingi karibu na mkubwa mkali. Tena si Obadia aliyesimama Karmeli. Nyumba ya Ahabu haikutikiswa na mtu aliyeficha. Ilitikiswa na mtu aliyesema. Bila Eliya, Obadia angeendelea kuficha watu mpaka mwisho wa dunia, na Yezebeli angeendelea kuua.

Eliya naye hakumtukana Obadia. Hakumwambia: wewe unayekula kwa Ahabu. Alimpa kazi ya kupeleka habari, na alipoona woga wake alimwapia kwamba leo leo mimi mwenyewe nitajionyesha, yaani sitakuacha ufe kwa ajili ya neno langu. Na katika sura ya 19, Eliya alipochoka akalia mara mbili kwamba amebaki peke yake, Mungu alimrekebisha: wako elfu saba ambao magoti yao hayakumpigia Baali. Eliya hakuwajua hao elfu saba. Hawakuwa na jina, hawakuonekana. Mwenye kukemea anaweza kusema kweli tupu juu ya mfalme na bado akakosea juu ya watu.

Ndiyo maana nikiambiwa kwamba fulani alikula katika nyumba ya Ahabu, sikati hukumu hapo. Nauliza tena: mkate alifanyia nini? Wako waliokula wakashiba, wakaongezea na kuwataja majirani zao kwa askari. Hao wasijifiche nyuma ya Obadia.

Swali hilo linatufikia na sisi kama Kanisa, na wazee wangu wanisamehe. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Hakuchukua mkuki, hakukataza watu kulipa kodi, lakini alipokatazwa kuhubiri hakunyamaza. Tarehe 12 Septemba mwaka huo alijitoa mwenyewe kwa waliomtafuta, tarehe 3 Oktoba alihukumiwa kufa, na mfalme Albert wa Ubelgiji akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikufa gerezani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka thelathini. Hata katika habari hiyo hatusemi kwamba wazungu wote walikuwa kitu kimoja, kwa maana wamisionari wa Kibatisti walimwombea huruma asiuawe. Wazazi wetu walihamishwa mbali na kwao, mpaka tarehe 24 Desemba 1959 Kanisa lilipopewa ruhusa.

Kisha ikaja sheria ya tarehe 31 Desemba 1971. Mobutu alitaka makanisa machache tu, na Kanisa letu likakubaliwa pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti. Makanisa mengi madogo ya manabii, yenye watu maskini kama tulivyokuwa sisi mwaka 1921, yalifungwa. Sisi tuliofukuzwa msituni tukapewa kiti mezani. Tulikula mkate huo, na shule zetu zilisomesha watoto wengi, mmoja wao anawaandikia. Tulifundisha Warumi 13 kwa bidii, na ni neno la kweli. Lakini tuseme kweli pia kwamba mara nyingi tuliisoma Warumi 13 kwa sauti kubwa na Matendo 5:29 kwa sauti ndogo. Wale majirani waliofungiwa milango, tuliwaficha wangapi? Mwaka 2023 serkali ilipoifanya tarehe 6 Aprili kuwa sikukuu ya taifa kwa kumkumbuka Papa Simon, nilifurahi nikacheza na wengine. Usiku nilijiuliza kama kiti hicho kipya nacho kitatufunga kinywa. Sijapata jibu.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Baada ya Jumapili ya tatu nilikwenda kwanza kwa yule kijana, nikitaka kumkemea. Akaniambia: “Shemasi, mimi sikusoma hayo kitabuni. Bibi yangu alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Siku ya salongo alikuwa mgonjwa, hakwenda. Huyo papa akaja na watu wawili, akachukua kuku wake. Bibi anakumbuka mpaka leo rangi ya yule kuku.” Nikakosa la kumkemea. Nilikuwa nimefikiri ni kiburi cha vijana, kumbe ni deni.

Nikiwa njiani nilikutana na mama mmoja mzee ambaye si wa Kanisa letu. Alipojua ninakokwenda alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Baada ya ile sheria ya 1971, kikundi chao cha maombi kiliendelea kukutana kwa siri kando ya mto. Usiku mmoja mtoto wa kapita alikuja na ujumbe mfupi: kesho msipige ngoma, msije. Asubuhi watu wa serkali walifika, wakakuta majani yaliyokanyagwa tu. Jambo hilo lilitokea mara tatu, na kapita hakuwahi kulisema.

Basi nilifika kwa mzee nikiwa na mambo mawili mkononi, kuku na mto, na sikujua nianze na lipi. Nilianza kwa kuomba msamaha kwa sababu nilicheka. Halafu nikamwuliza juu ya wale watu wa maombi. Akasema: “Usinisifu, mwanangu. Niliogopa kwamba wakikamatwa, nitaambiwa niwapige mimi.” Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia neno la kijana, kwamba alichukua kuku wa mjane, na kwamba bibi huyo yuko hai, anakaa Mambasa kwa binti yake.

Nilidhani atakataa, au atasema ilikuwa amri ya wakubwa, na kweli ilikuwa amri ya wakubwa. Alitazama chini muda mrefu.

“Kijana amekosea,” akasema. “Walikuwa kuku wawili. Mmoja alikuwa analalia mayai.”

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, akakaa mahali pake. Kijana alikuwa upande wa waimbaji. Hawakusemezana, na mimi sikuwalazimisha kupeana mikono mbele ya watu, maana mikono ya namna hiyo nimeiona mingi katika mikutano ya amani. Lakini baada ya ibada kijana alinifuata, akauliza kama mzee anaweza kupanda pikipiki mpaka Mambasa. Nikasema mgongo wake hauwezi. Basi Jumamosi ijayo, njia ikiwa salama, tutapanda gari la mizigo linalotoka Nia-Nia, mzee, kijana, mke wangu na mimi, pamoja na kuku wawili ambao mzee amekataa mtu yeyote amsaidie kununua. Anayetaka kufuatana nasi awe kando ya barabara saa kumi na mbili asubuhi, na alete nauli yake mwenyewe.